Raia ni Nani? Hoja Juu ya Uokozi wa Stanleyville, 1964

Imekuwa ada ya wanasheria wengi wa Magharibi, watafutapo mfano wa dola iliyoingiza askari katika nchi ya wengine kwa kuokoa roho za watu tu, kuutaja mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, na alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliporuka kutoka ndege za Marekani, wakautwaa uwanja wa ndege na kuwatoa wageni waliokuwa mateka wa waasi walioitwa Simba. Kwamba roho nyingi zilisalimika hapana ikhtilafu, na upande wa kijeshi Thomas Odom aliueleza mwaka 1988 kwa utimilifu. Ninalolikataa ni dai kwamba, kwa kuwa waliohamishwa walikuwa raia, tendo lenyewe halikuwa na upande.

Neno raia tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kundi lichungwalo. Kwetu limebeba maana mbili, mtu asiyeshika silaha na mtu aliye chini ya himaya ya dola fulani, nasi aghalabu hatuzitengi. Stanleyville zilitengana. Tangu Simba walipouteka mji mwezi wa Agosti, Wakongo wasio na silaha, makarani na watumishi wa serikali na kila aliyedhaniwa kuwa msomi, walikuwa wakiuawa hadharani mbele ya sanamu ya Lumumba, na hapana ndege iliyopangwa kwa ajili yao. Ndege zilipangwa mateka walipokuwa Wabelgiji na Wamarekani. Tena, saa chache baada ya miavuli kushuka, safu ya Kanali Vandewalle, yenye askari wa serikali ya Waziri Mkuu Tshombe na mamluki wa kizungu, iliingia mjini kwa mwafaka uliotangulia, na katika siku zilizofuata wenyeji waliuawa na mali zao kuporwa na hao hao walioingia nyuma ya waokozi. Hata wageni hawakuwa sawa: waliokuwa ng'ambo ya pili ya mto hawakufikiwa kwa wakati, nao wakachinjwa.

Nitajibiwa kwamba wamo Wakongo waliopakiwa ndegeni. Ni kweli, nami nawashukuria. Walakini walipakiwa kwa hisani, na hisani si haki. Nitajibiwa pia kwamba mazungumzo ya kuwafungua mateka yalikwisha shindikana. Lakini Kenyatta alipowakutanisha Kanza, mjumbe wa waasi, na Balozi Attwood wa Marekani jijini Nairobi tarehe 23 Novemba, ndege zilikuwa zimekwisha wasili kambi ya Kamina, ndani ya Kongo, na mpatanishi aliyewekewa muda asioujua hawezi kulaumiwa kwa kukawia.

Baada ya uokozi wa pili, mjini Paulis, tarehe 26, askari wa miavuli waliondoka Kongo kabla ya mwezi kwisha. Mamluki wakabaki, hata Baraza la Usalama likalazimika, kwa azimio namba 199 la tarehe 30 Desemba, kutaka waondolewe. Naelekea kuamini kwamba uokozi ule uliwahatarisha wenyeji zaidi kuliko kama usingalikuwapo, ingawa jambo hili halitathibitika kwa majalada ya Brussels na Washington peke yake. Wamo Kisangani wazee waliokuwa vijana mwaka ule, na Kiswahili wanakijua; hao ndio wa kuulizwa, na wakati wa kuwauliza umebaki mchache.