Tangi Lililochukuliwa Laikipia



Nilipokuwa shule ya msingi Nakuru, tulifundishwa kwamba mfugaji huhamahama kwa kukosa ustaarabu, na kwamba ng'ombe wake ndio wanaoleta jangwa. Nikaandika hivyo kwenye mtihani, nikapata alama zote. Leo, baada ya miaka mingi ya uhandisi wa maji, naona haya.

Sisi watu wa maji hujenga tangi kwa ajili ya siku ambayo mvua haiji. Wamaasai walikuwa na tangi lao, nalo lilikuwa nyanda za juu. Mvua ikinyesha, mifugo ilikula bondeni. Kiangazi kikikaza, ilipandishwa kwenye majani na maji ya juu. Kuhama ndiko kulikokuwa mtambo wenyewe.

Mwaka 1904 reli ilikuwa imekwisha kufika Ziwa Victoria na walowezi walilitamani Bonde la Ufa. Wamaasai, ambao sotoka na ndui za miaka ya 1890 ziliwaacha hoi, wakatiliana mkataba na Kamishna Donald Stewart. Waliacha Naivasha na Nakuru, wakabakiziwa maeneo mawili, Laikipia kaskazini na jingine kusini ya reli, pamoja na ahadi ya njia ya kuyaunganisha. Mkataba ungedumu maadamu kabila la Wamaasai lipo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 ukaja wa pili, na watu wa Laikipia wakaswagwa kusini pamoja na mifugo yao, kwenye maji haba na ndigana.

Hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ya Ole Njogo ikatupwa: majaji walisema huo ni mkataba kati ya Mfalme na taifa la kigeni, kwa hiyo mahakama haina mamlaka. Sijapata kuona kufuli la kisheria lililofungwa vizuri kuliko hilo! Mwingereza mmoja, Dkt. Norman Leys, alipiga kelele, na kitabu chake *Kenya* kikachapishwa hapa hapa London mwaka 1924 na Hogarth Press ya akina Woolf.

Sasa tazama ukame wa 2020 hadi 2023. Misimu mitano ya mvua ilikauka mfululizo, na Kenya peke yake ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. World Weather Attribution, kundi lenye wanasayansi wa Imperial College, walikadiria kwamba joto tulilolizidisha binadamu liliongeza uwezekano wa ukame kama huo mara 100 au zaidi. Nakubali hesabu yao. Ila joto lilimkuta mfugaji ambaye tangi lake lilikuwa limeshachukuliwa, na nyua zimewekwa njiani.

Agosti 2004, mkataba ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana na kuingiza mifugo kwenye mashamba ya Laikipia, wakisema muda wa kukodisha umekwisha. Polisi waliwatoa, na mzee mmoja akauawa kwa risasi. Serikali ya Nairobi ilijibu kwamba hati zile ni za miaka 999.