Masika, Dalali na Bei ya Chumba Kiwalani

Mvua za masika Dar es Salaam huanza Machi na kumalizika Mei, na Aprili ndio mwezi wake mkuu. Ukipita mtaa wa Kiwalani majira hayo unayaona mambo ambayo dalali hakukuonyesha Januari: uchochoro uliogeuka mfereji, alama ya tope ukutani, viroba vya mchanga mlangoni, na jirani anayesubiri mvua kubwa ili atapishe choo. Ndiyo maana wenyeji humwasa mnunuzi asilipie kiwanja kabla masika hayajakipitia. Dalali hupanga bei wakati wa jua, na mvua ndiyo huja kuihakiki.

Tabia ya hewa kupanga nani akae wapi ni ya zamani kuliko mtaa wenyewe. Sheria ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji kwa aina ya majengo, na kwa njia hiyo ikawagawa watu. Waingereza waliendeleza utaratibu huo. Wazungu walipata Oyster Bay, kwenye mwinuko na upepo wa bahari, Wahindi wakakaa mjini kati, na Waafrika wakapewa Kariakoo na Ilala, karibu na bonde la mto Msimbazi. Joto lilipowazidi, maofisa walikuwa na Lushoto, ambayo Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kule kwenye baridi ya Usambara. Hewa nzuri ilikuwa na bei yake tangu enzi hizo, na walioimudu walikuwa wachache.

Baada ya uhuru mji ulifurika watu. Sensa ya 1967 ilikuta wakazi wapatao 270,000 mjini. Ile ya 1978 ikahesabu zaidi ya 840,000 katika mkoa mzima. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilijenga, lakini kasi yake haikufua dafu mbele ya wahamiaji. Viwanda vilijipanga kando ya Pugu Road, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, na uwanja wa ndege ulikuwa huko huko. Mfanyakazi alitaka chumba ambacho angeweza kukifikia kwa miguu akitoka zamu. Hivyo mashamba ya minazi ya Kiwalani, Vingunguti na Yombo yalikatwa vipande, yakauzwa kwa hati ya mkono mbele ya mashahidi na mjumbe wa nyumba kumi. Waliotangulia walichukua penye mwinuko. Waliochelewa walisogea bondeni, wakamwaga kifusi, wakajenga.

Nyumba iliyoota huko ni ile ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Hapo ndipo soko la pango la Kiwalani lilipozaliwa, na hapo ndipo maji yalipoanza kuingia kwenye hesabu. Chumba cha mbele, chenye msingi ulionyanyuliwa, kina bei yake. Chumba cha nyuma, ambacho maji ya uani hukimbilia, kina bei ya kubembelezana.

Serikali haikukaa kimya. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wenye sura mbili: kupima viwanja vipya vyenye barabara na maji, kama Sinza na Kijitonyama, na kuboresha mitaa iliyokwisha kujengwa holela, kama Manzese. Wachumi waliolinganisha maeneo hayo miongo kadhaa baadaye wamekuta kwamba ardhi ya palipopimwa kabla ya kujengwa ina thamani kubwa zaidi kuliko ya palipoboreshwa baadaye. Mfereji uliochorwa kabla ya nyumba haulazimiki kubomoa ukuta wa mtu.

Kwa miaka mingi bei hizi zilisemwa kwa sauti ya chini. Kisheria ardhi tupu haikuwa na bei. Kilichouzwa ni maendelezo, yaani nyumba, minazi na miembe. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi ya 1999 zikakiri kuwa ardhi ina thamani. Mwaka 2004 zikaanza kutolewa leseni za makazi kwa wenye nyumba za maeneo yasiyopimwa, na mwaka uliofuata sheria ya 1984 ya kudhibiti pango ikafutwa. Tangu hapo kodi ni mapatano, mara nyingi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka wakati wa kiangazi hana pa kukimbilia Aprili.

Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, yaliugeuza mjadala. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema mvua kama hiyo haikuonekana tangu 1954. Walioathirika wa bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji, na baadhi yao walirudi bondeni kwa sababu riziki yao ilibaki mjini. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilikwisha kukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwishoni mwa 2015 alama ya X nyekundu na matingatinga vikaifanya ieleweke. Mnunuzi akajifunza kuuliza swali la pili: mbali na kama panajaa maji, je, serikali inapatambua?

Kiwalani ilipata zamu yake katika Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia 2015. Zikaja lami, mifereji ya zege na taa. Usafiri ukawa mwepesi, fremu za maduka zikaota barabarani, na nyumba zilizokuwa nyuma ya dimbwi zikawa “zinagusa lami”, maneno ambayo dalali hachoki kuyatamka. Lakini lami ina tabia zake. Ikinyanyuliwa kuliko msingi wa nyumba ya zamani, maji yanayotoka barabarani huingia sebuleni, na mfereji uliojaa takataka hurudisha kila kitu uani.

Masika ya 2024 yalikumbusha kwamba kazi haijaisha. Aprili ile Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kuwa watu 155 wamekufa nchini kwa mvua na mafuriko. Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, na anayetafuta chumba cha bei nafuu bado anaelekezwa kule kwenye maji.

Hapo ndipo penye fundo la historia hii. Kwa nusu karne, dimbwi lilikuwa punguzo la kodi kwa fukara. Likikauka, punguzo nalo huondoka. Hana Nassif, Kinondoni, wakazi walichimba mifereji kwa mikono yao miaka ya 1990. Mtaa ukakauka, kodi zikapanda, na wapo wapangaji waliohama kutafuta bonde jingine. Kiwalani inaelekea njia hiyo hiyo. Mwenye nyumba anavuna thamani ya mfereji uliojengwa kwa mkopo ambao taifa zima litaulipa, na mpangaji anailipia mara ya pili kila mwezi. Miradi ya mitaro huhesabu kilomita na wenye nyumba wa kufidiwa. Iwahesabu na wapangaji, kwa mikataba ya maandishi na kodi ya miezi michache badala ya mwaka. Vinginevyo kila mtaa utakaokauka utakuwa unahamishia mafuriko yake kwa mtu yule yule, sehemu nyingine.