Kifafa cha Mahenge na Mdudu wa Mtoni

Milima ya Mahenge, iliyoko Wilaya ya Ulanga mkoani Morogoro, ina nafasi ya pekee katika historia ya magonjwa ya ubongo, kwani huko ndiko, katika miaka ya 1960, ilikoelezwa kitabibu hali ya watoto kuinamisha kichwa tena na tena mithili ya wanaosinzia, hali ambayo leo huitwa ugonjwa wa kutikisa kichwa. Daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge mwaka 1960, aliwakuta miongoni mwa Wapogoro, wenyeji wa huko, wagonjwa waliokuwa wakilishwa peke yao kwa kuogopwa mate yao, na wengi wenye makovu ya moto, kwa kuwa walipoangukia mekoni watu walisita kuwagusa. Aliwatibu kwa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu ya kuzuia mishtuko ya kifafa, na mwaka 1965 akachapisha taarifa yake. Kuhusu watoto wale, wenyeji walisema tu kwamba mtoto “amesinzia kichwa”.

Taarifa hiyo, kwa bahati mbaya, ilikaa miongo kadhaa bila kutiliwa maanani, hata pale hali hiyohiyo ilipoonekana Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walichapisha uchunguzi mpya wa wagonjwa wa Mahenge, na vipimo vya umeme wa ubongo vilivyofanywa baadaye Uganda vikathibitisha kwamba kuinama huko ni mshtuko wa kifafa, ambapo misuli ya shingo hulegea ghafla.

Kilichobaki ni chanzo. Maeneo yote hayo yana usubi, ugonjwa wa minyoo ya onkoserka unaoenezwa na visubi, yaani vijidudu vinavyouma na kuzaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Ushahidi mzito zaidi wa kuhusisha minyoo hiyo na kifafa ulitoka Kamerun mwaka 2018: watoto waliopimwa viluwiluwi vya minyoo hiyo ngozini mwanzoni mwa miaka ya 1990 walifuatiliwa, ikabainika kwamba kadiri viluwiluwi vilivyokuwa vingi utotoni ndivyo uwezekano wa kupata kifafa ulivyoongezeka. Namna ubongo unavyodhurika haijaafikiwa. Mwaka 2017 watafiti walidai kwamba kingamwili zinazopambana na mnyoo hushambulia pia protini ya neva iitwayo leiomodini-1, lakini dai hilo bado linabishaniwa.

Mabishano hayo hayapaswi kuchelewesha kinga. Dawa ya Mectizan huua viluwiluwi bila kuua minyoo mikubwa, ambayo huishi mwilini kwa miaka kumi na zaidi, ndiyo maana hulazimu kurudiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kifafa kingali kingi katika vijiji vya Mahenge baada ya takriban miaka 20 ya ugawaji wa mara moja kwa mwaka, na tangu 2019 dawa hiyo hugawiwa huko mara mbili kwa mwaka.