Kukatwa taya: msumeno au mtetemo?

Jirani yangu wa Mtongwe, kule Likoni, ana kijana ambaye taya lake la chini limetokeza mbele. Meno hayakutani, hata mkate wa mofa humshinda kuuma. Daktari amesema taya likatwe lirudishwe nyuma. Kisha jirani akasikia kuna kifaa kinachokata mfupa kwa mtetemo badala ya msumeno. Akanijia: "Bwana, wewe uliyesoma, ipi bora?" Mimi si daktari, lakini nilitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Katika upasuaji huu, taya huchanwa kila upande kama ubao unaopasuliwa mara mbili, kwa mbinu iliyoelezwa na Trauner na Obwegeser mwaka 1957. Shida ni kwamba ndani ya mfupa huo hupita neva iletayo hisia za mdomo wa chini na kidevu. Ikijeruhiwa, mtu hunywa kahawa ikamtiririka kidevuni asijue.

Msumeno na keekee hukata haraka, na ndivyo madaktari wengi wa taya walivyozoea. Ila havichagui: vikigusa nyama au neva, hukata. Kifaa cha mtetemo, kilichoendelezwa na Tomaso Vercellotti wa Italia, hutetemeka takriban mara 25,000 hadi 30,000 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo mfupa hukatika, lakini nyama laini hutikisika nacho tu. Ndiyo maana chaweza kukata ganda la yai bila kutoboa utando wake.

Tafiti nyingi zaonyesha damu huvuja kidogo zaidi na hisia za mdomo hurudi vizuri zaidi. Lakini kazi huwa ya polepole, kifaa na ncha zake ni ghali, na lazima maji yapoze mfupa usiungue. Wala hatari haiishi: vipande vya mfupa vikitenganishwa kwa patasi, neva yaweza kuvutika vilevile.

Basi nikamwambia jirani: usianze na mashine. Muulize daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi, wagonjwa wake wangapi walibaki na ganzi baada ya mwaka, na SHA italipa kiasi gani. Kifaa cha mtetemo ni kizuri kikiwa mikononi mwa aliyekizoea. Kama hakuna, mimi ningemwamini mzoefu wa msumeno kuliko anayejifunzia mtetemo kwenye taya la mwanangu.