Mgunga na Ardhi ya Wameru

Akheri, kwenye mteremko wa kusini-mashariki wa Mlima Meru nchini Tanzania, ni nchi ya migomba na kahawa. Pepo za kusini-mashariki huupanda mlima huo na kumwaga mvua upande huo. Zikifika nyuma ya mlima zimekwisha kukauka. Ndiyo maana ukizunguka hadi Ngare Nanyuki unaupata mgunga, ambao Wamaasai huuita oltepesi: kilele bapa kama mwavuli, na miba ya namna mbili katika tawi moja, mirefu myeupe iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana. Ni mti uleule wa Sahara. Ule uliosimama peke yake Ténéré, nchini Niger, hadi lori lilipougonga mwaka 1973, mizizi yake ilikutwa zaidi ya mita 30 chini ya mchanga. Kwa sifa hiyo ya jangwani, penye migunga watu huona pori tu, na pori moja hudhaniwa sawa na jingine. Dhana hiyo iliwaumiza Wameru.

Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili walowezi wapate mashamba ya mifugo. Nyumba zilichomwa, na mwaka uliofuata mjumbe wao Kirilo Japhet akayapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa. Itasemwa kwamba serikali haikuiona ardhi ile kuwa tupu: ilijua ina watu, na ikawapa Kingori badala yake. Ni kweli, lakini kosa liko papo hapo, katika neno “badala”. Malisho makavu hayabadilishwi kama shuka. Nyasi zikiisha kiangazi, maganda ya mgunga yaliyojisokota huanguka, na mbuzi huyaokota moja moja. Mfugaji anayehamishwa huacha nyuma akiba hiyo.

Wengine watasema mgunga hujiotea, hivyo hauwezi kuwa ushahidi kwamba wafugaji waliifanyia kazi ardhi ile. Uchunguzi wa Turkana kusini, nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 1995 unaonyesha vingine: mifugo hula maganda, mbegu hutoka na samadi, na katika maboma yaliyohamwa miche ya mgunga huchipua kwa wingi kuliko nje yake. Siwezi kudai kwamba kila mgunga wa Ngare Nanyuki uliota hivyo. Lakini anayeitazama nyika ile na kusema haijaguswa na mkono wa mfugaji, huyo ndiye anayedaiwa ushahidi.