Gavana wa Jumapili

Jumatatu alikuwa kibarua wa Union Minière, kampuni ya migodi, akiitika kila kapita, msimamizi wake, alipomwita. Jumapili alasiri alivaa koti na tai, akasimama mbele ya wachezaji, nao wakampigia saluti: Gavana. Hiyo ndiyo ngoma ya Mbeni, iliyochezwa Elisabethville, mji wa Katanga, Lubumbashi ya leo, katika miaka ya 1920.

Jina limetoka pwani ya Kenya, ambako miaka ya 1890 watu walianza kuiga bendi za kizungu, na "bendi" ikageuka "beni". Vita vya 1914 hadi 1918 vikaieneza bara pamoja na askari na wapagazi. Katanga ilikuwa imeiva kuipokea. Mji ulizaliwa 1910, mwaka reli ilipofika kutoka kusini, na mgodi ukawakusanya vijana kutoka kila upande, wengi bila mjomba wala shangazi karibu. Chama cha ngoma kikawa ukoo. Kikawa pia serikali, maana kilikuwa na mfalme, magavana, maofisa na daktari wake.

Msomaji aliyewaona vijana wakikaa mezani na kete za pande 20 atatambua kitu hapa. Mchezo wa Dungeons & Dragons, walioutoa Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani mwaka 1974, humpa kila mchezaji kazi ya kuigiza: mpiganaji, mchawi, kuhani. Tangu mwanzo swali gumu lilikuwa hili: mtu mmoja aweza kushika kazi mbili? Kanuni za 1974 zilimruhusu elfi, kiumbe wa hadithi, kuwa mpiganaji safari moja na mchawi safari nyingine, lakini si kubadilika katikati ya mchezo. Katika kanuni za 1978 wasio binadamu waliruhusiwa kushika kazi mbili au zaidi kwa pamoja, ila pointi za uzoefu ziligawanywa, kwa hiyo walipanda polepole. Binadamu ilimbidi aiache ya kwanza aanze ya pili toka chini. Mwaka 2000 ndipo kila mmoja akaachiwa kuchanganya ngazi apendavyo.

Ukimtazama haraka, mtu wa Mbeni ni elfi wa 1974: kibarua siku sita, mkubwa siku ya saba. Sikubali. Cheo cha ngomani hakikuvuliwa pamoja na koti. Vyama hivi vilichanga pesa, vikatazama wagonjwa na kuzika wafu wao, na aliyezoea kumtii mkubwa wake uwanjani hakumsahau siku ya msiba. Uwezo wa huku ulimiminika kule, bila pointi kugawanywa.

Wakubwa wa kweli waliliona hilo. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini aliyeongoza Kanisa Katanga tangu 1910, hakuvipenda vyama hivi hata kidogo. Ng'ambo ya mpaka, mgomo wa migodi ya shaba ulipolipuka 1935 na wachimbaji sita kuuawa kwa risasi huko Luanshya, Zambia ya leo, tume ya uchunguzi iliulizia habari za Mbeni pia. Ngoma ilishukiwa kuwa na uwezo wa kukusanya watu. Kwa maoni yangu, shuku hiyo ni sifa kubwa kuliko saluti zote.

Mbeni ilizaa Kalela, ambayo mwanaanthropolojia Clyde Mitchell aliiandika mwaka 1956 baada ya kuitazama Luanshya. Mfalme alikuwepo, katika suti nyeusi. Daktari alikuwepo, na msalaba mwekundu kwenye kanzu yake nyeupe. Mwanamke pekee katika kundi alikuwa "sista" wa hospitali, mavazi meupe, akizunguka kati ya wachezaji na kioo na leso mkononi. Mgonjwa hakuwepo. Kulikuwa na jasho na vumbi, na kila aliyefikiwa na kile kioo alijitazama kwanza, akajiweka sawa, kisha akarudi kwenye mstari.