Maji na Udongo wa Machakos

Mvua inyeshapo juu ya ardhi iliyo uchi, maji hayapati nafasi ya kuzama. Huteremka mbio, yakauchukua udongo wa juu ulio na rutuba, na nyuma yao hubaki makorongo. Hayo ndiyo yaliyoipata Machakos katika miaka ya 1930. Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka ya rizavu, na sehemu ya malisho yao ya zamani imo mikononi mwa walowezi.

Serikali ya kikoloni iliwalaumu ng'ombe. Mwaka 1938 iliamuru wapunguzwe kwa lazima, nao wakauzwa kwa bei duni. Maelfu ya Wakamba, waume kwa wake, wakaenda Nairobi kumtaka Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini amri ile iliachwa mwaka ule ule.

Dawa ilitoka katika jembe. Mkulima huchimba mfereji kuukingama mteremko, na udongo huutupa upande wa juu. Ndiyo maana huitwa "fanya juu". Tuta huyazuia maji, na mwaka hata mwaka shamba hujifanya ngazi. Kuchimba kwa amri kulichukiwa, na si ajabu. Bali katika miaka ya 1950 vikundi vya mwethya, ambamo wanawake walikuwa wengi, viliifanya kazi hiyo kuwa yao. Toka miaka ya 1930 hata 1990 watu wa wilaya hiyo waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua.